Ratili Nane za Mossie Garrihy

Mossie Garrihy alikuwa mwanafunzi wangu katika shule ya wavulana ya Knockbrannon, na hakuwa mbaya wa hesabu. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu wako watu kijijini wanaodai aliingia kwenye farasi kwa kuwa kichwa chake kilikuwa kizito. Si kweli. Alijua kugawanya wenzake wakiwa bado wanahangaika na kuzidisha. Aliingia kwenye farasi kwa kuwa alikuwa mdogo wa umbo, mtoto wa saba katika nyumba ya vyumba viwili, na kwa kuwa mume wangu, Lorcan Prendiville, alimwona asubuhi moja akishuka kilima cha kanisa juu ya punda wa kubeba maziwa, bila tandiko, amekunja mikono kifuani kama padri anayesubiri chai.

"Huyo ana mikono," Lorcan akasema.

"Ameikunja," nikamjibu.

"Ndiyo maana yangu. Hamsumbui mnyama."

Katika nyumba yetu, kuambiwa una mikono ilikuwa sifa kubwa kuliko kuambiwa una akili. Mossie alikuja zizini kwetu akiwa na miaka kumi na mitano, akatupandia farasi kwa karibu miaka thelathini. Hakuwahi kuwa mpanda farasi maarufu. Alikuwa yule ambaye jina lake limo kwenye kijitabu cha mbio kila wiki na hakuna anayelisoma.

Watu wa mbali huona kofia za wanawake na vikombe vya fedha wakadhani mbio za farasi ni utajiri. Mpanda farasi hulipwa kwa kila mbio anayopanda, ashinde au aanguke. Akishinda hupata karibu sehemu ya kumi ya zawadi. Katika hiyo, wakala anayemtafutia farasi ana chake, mtu anayemfulia suruali nyeupe na kumwandalia tandiko ana chake, petroli ina chake, na tabibu wa mifupa ana chake. Mossie aliweza kuendesha gari mwendo wa saa tatu hadi Galway ili apande farasi mmoja asiye na tumaini, aanguke kwenye kiunzi cha tatu, kisha arudi mwendo wa saa tatu mwingine akishika usukani kwa mkono mmoja kwa kuwa bega la pili limetoka mahali pake. Akifika kwake, kilichobaki kilitosha mkate na nyama ya Jumapili. Naye mwenyewe nyama hakuila, maana mwili wake ulipenda kunenepa. Alikunywa chai nyeusi, akakaa kwenye maji ya moto hadi ngozi ikakunjamana, akaenda kupanda.

Sisi wenye zizi hatukuwa bora sana. Mkufunzi hulipwa na mwenye farasi kwa siku, na malipo hayo huliwa na farasi mwenyewe: nyasi, shayiri, viatu, mganga wa mifugo, mishahara ya vijana. Tuliishi kwa kuuza. Farasi wetu akishinda mara mbili, alikuja Mwingereza mwenye koti zuri, akamzunguka, akamshika miguu, akaondoka naye, na zizi likapumua kwa miezi sita. Lakini yule Mwingereza hakuwa ananunua miguu tu. Alinunua neno la Lorcan kwamba miguu ile ni mizima. Jina la Prendiville lilipokuwa safi, tulikula. Sijawahi kuona haya kulilinda, na watoto wangu walilelewa wakijua hivyo.

Na mwenye farasi? Mwenye farasi hapati kitu. Muulize Batt Scannell, aliyekuwa na magari mawili ya maiti, karakana ya majeneza, na farasi jike mmoja aliyempa jina la Salamu za Mwisho.

"Wafu hawajawahi kunikopa," alikuwa akisema, "lakini huyu jike ananizika nikiwa hai."

Hata hivyo kila mwezi alilipa, na siku ya mbio alikuja na koti lake jeusi la mazishi, uso umechangamka kama mtoto. Alichokuwa ananunua ni alasiri chache za kuwa na tumaini. Nadhani hakuna aliyelipa bei ya haki kuliko yeye.

Mwaka ninaotaka kuueleza Mossie alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Bega la kushoto lilikuwa limetoka mara tano. Nyonga zilimuuma hata akipanda ngazi za kanisa. Breda, mkewe, alikuwa akimfunga vifungo vya shati. Mpanda farasi wa namna yake akistaafu hapewi chochote ila kupigiwa makofi, kama kuna watu uwanjani, na wengi huishia kubeba magunia. Lakini mnamo Desemba aliitwa uwanja wa mbio wa Ardcullen, akaambiwa msaidizi wa karani wa mizani anastaafu, na kwamba yeye ndiye wanayemfikiria. Kazi yenyewe ni kusimama kando ya mizani na kuhakikisha kila mpanda farasi ana uzito ambao farasi wake amepangiwa kubeba, kabla ya mbio na baada ya mbio. Mshahara wa mwezi. Pensheni. Koti la bluu lenye beji. Barua ya kumthibitisha ingetoka mwisho wa Februari.

Alikuja kutuambia jikoni kwetu, kofia mkononi.

"Miaka ishirini na minane mizani inanitazama mimi, Mwalimu," akaniambia. Hakuacha kuniita Mwalimu hata siku moja. "Sasa na mimi niitazame."

"Utanenepa," Lorcan akamwambia.

"Bosi, nitanenepa hadi mvunje mlango ndipo nipite. Breda ameshaniahidi viazi na siagi kila siku mpaka nife."

Tulicheka. Kisha Lorcan akamuuliza farasi gani atampanda Alhamisi, na Mossie akamjibu. Baada ya dakika chache Lorcan akamuuliza tena, na Mossie akamjibu tena kwa sauti ile ile, kama aliyeulizwa mara ya kwanza. Hakunitazama. Nikajua kwamba anajua.

Ugonjwa wa Lorcan ulikuwa umeanza mwaka mmoja kabla. Mwanzoni nilidhani ni uchovu. Alimlisha farasi mmoja mara mbili na mwingine akamsahau. Aliniita kwa jina la dada yake. Nilichukua chaki nikaandika majina ya farasi kwenye milango yote ya zizi, nikawaambia vijana ni kwa ajili ya wageni. Sikumpeleka kwa daktari, kwa sababu daktari wetu alikuwa na hisa ya nusu farasi katika zizi la jirani, na mdomo wake ulikuwa mwepesi. Mkufunzi asiyejua farasi gani amekula hapewi leseni, na mwenye farasi akisikia, jioni hiyo hiyo huja na gari kumchukua mnyama wake. Kwa hiyo nilinyamaza. Mossie naye akaanza kufika alfajiri kabla ya wengine, akazungukia mabanda, akaondoka kwenda kunywa chai yake nyeusi bila kusema alichorekebisha.

Alhamisi ya pili ya Februari ilikuwa na mvua ile nyembamba isiyokatika. Mossie alikuwa ametoka kuugua mafua makali, siku sita kitandani, na alikuwa amekonda hadi mashavu yamekwenda ndani. Hili ndilo lililotuponza. Salamu za Mwisho alikuwa amepangiwa uzito mkubwa siku hiyo, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi Mossie alikuwa mwepesi kuliko ilivyotakiwa. Alipungukiwa na ratili nane. Ikawa lazima atumie kitambaa chenye mifuko ya vipande vya madini ya risasi, kinacholazwa chini ya tandiko kufidia uzito. Akapimwa nacho, karani akaandika, na Mossie akamkabidhi Lorcan tandiko na kitambaa ili akamtandike farasi, kama desturi ilivyo.

Batt Scannell alikuwa amesimama katikati ya uwanja wa kupandia, maji yakimchuruzika ukingoni mwa kofia.

"Mossie, umekonda vibaya," akasema. "Nikupime kabisa? Nina mbao za mwaloni zimewasili jana."

"Tunza mbao zako, Batt. Nina barua naisubiri."

"Hata marehemu wengi walikuwa na barua wanazisubiri."

"Basi walikosa kupanda farasi mzuri."

Lorcan akamshika Mossie goti, akamrusha juu ya farasi kwa wepesi ule ule wa siku zote. Mikono yake haikuwa imesahau. Farasi wakatoka kuelekea mahali pa kuanzia, ng'ambo ya uwanja.

Ndipo nikaona Lorcan yuko kichwa wazi mvuani. Nikarudi kwenye kibanda cha kutandikia kumfuatia kofia yake. Kofia ilikuwa kwenye msumari. Juu ya ubao wa kando, kimekunjwa vizuri, kilikuwa kile kitambaa cha risasi.

Nilielewa papo hapo. Kwa miaka kumi mikono ya Lorcan ilikuwa imemtandikia Mossie kwa mpangilio mmoja: sponji, kitambaa cha namba, tandiko, mkanda wa tumbo. Risasi haikuwamo katika mpangilio huo. Mtu mwenye akili timamu angeshangaa kubaki na kitu mkononi. Yeye alikikunja tu, kwa sababu alikuwa mtu nadhifu.

Nilitazama saa yangu. Zilibaki dakika saba. Ofisi ya waamuzi ilikuwa hatua sitini kutoka pale. Ningeenda, wangemsimamisha farasi, wasingekimbia naye, na kila mtu Ardcullen angejua kabla ya chai kwamba Lorcan Prendiville amesahau uzito. Nilifungua mkoba wangu, nikaondoa leso na kitabu cha sala, nikakitia kile kitambaa ndani, nikaufunga. Nikavitia leso na kitabu mfukoni mwa koti. Kisha nikampelekea mume wangu kofia.

Nilijiambia kwamba Salamu za Mwisho hatashinda. Wanaopimwa baada ya mbio ni wanne wa kwanza tu. Wa tano na kuendelea huenda zao, hakuna anayewauliza. Walikuwa farasi tisa. Nilisimama jukwaani kati ya Lorcan na Batt, mkoba umenivuta bega, nikaomba tuwe wa tano. Sijawahi kuomba ombi la aibu kuliko hilo.

Ombi likaelekea kujibiwa. Mossie alikaa nyuma mzunguko mzima wa kwanza. Katika mzunguko wa pili jike likaanza kuvuta, akalizuia, nikaona mabega yake yakifanya kazi.

"Amelala?" Batt akanung'unika. "Mwamsheni huyo mtu, namlipa!"

"Anajua anachofanya," Lorcan akasema.

Walipofika kiunzi cha mwisho farasi wanne walikuwa mbele, na Mossie wa tano, peke yake, nyuma kabisa ya wanne hao. Aliyeongoza akaruka vibaya akaanguka. Wa pili akamkwaa. Wa tatu akakataa kuruka, akageuka pembeni, akamgonga wa nne ubavuni, na mpanda farasi wake akabaki amening'inia shingoni kama shati kwenye kamba. Katikati ya vurugu ile ikafunguka nafasi ya upana wa mlango. Jike likaiona. Likaruka kama lililokuwa likingoja nafasi hiyo tangu kuzaliwa, likatua, na mbele yake hapakuwa na kitu ila nyasi.

Batt alinishika nikadhani ataniangusha. Watu walikuwa wakipiga kelele "Salamu za Mwisho! Salamu za Mwisho!" na mkosi wa jina hilo hakuna aliyeujali. Alishinda kwa urefu wa farasi kumi na mbili. Lorcan alinigeukia, macho yake yamejaa, akasema, "Si nilikuambia ana mikono?"

Mossie alirudi na farasi akiwa ameketi wima, uso mweupe, kama anayeendesha gari moja la Batt. Alishuka, akafungua mkanda, akachukua tandiko. Akaniangalia. Kisha akauangalia mkoba wangu. Kisha akaenda kwenye mizani.

Haikuchukua muda. Kipaza sauti kikasema kwamba kuna swali kuhusu uzito wa mshindi, watu watunze tiketi zao. Baadaye kikasema mshindi amepungukiwa na ratili nane.

"Ratili nane?" Batt akauliza kila aliyekuwa karibu. "Ratili nane zimekwenda wapi? Zimeyeyuka?"

Lorcan na Mossie wakaitwa kwa waamuzi. Lorcan hakuuachia mkono wangu, kwa hiyo niliruhusiwa kusimama mlangoni. Walikuwa waamuzi watatu nyuma ya meza, watu wa heshima, na karani wa mizani kando yao, yule ambaye msaidizi wake alikuwa anastaafu.

"Bwana Prendiville," akasema wa katikati, "ulikabidhiwa kitambaa cha uzito pamoja na tandiko?"

Lorcan alitazama dirisha. Nilihisi vidole vyake vikitafuta kitu ndani ya kiganja changu.

"Mvua itakatika jioni," akasema.

Mwamuzi akafungua mdomo, lakini Mossie alikuwa ameshapiga hatua mbele.

"Hakukabidhiwa, bwana. Kosa ni langu. Baada ya kupimwa nilikwenda msalani, nikakiweka kitambaa chini, nikakisahau. Nikampa Bosi tandiko tupu. Yeye angejuaje? Miaka kumi hajaniona na risasi."

"Kiko wapi sasa?"

"Nimekwenda kukitazama, hakipo. Risasi ina bei, bwana, na msalani wanaingia hata wachukua dau."

Mwamuzi mmoja alicheka, kisha akajizuia. Karani wa mizani hakucheka. Alimtazama Mossie kwa huzuni, akasema polepole, "Garrihy. Umepanda miaka ishirini na minane."

"Ndiyo, bwana. Ndivyo nilivyochoka."

Mimi nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwenye meza ile, ratili nane zikinikata bega. Ningeweza kufungua mkoba. Sikuufungua.

Alifungiwa siku thelathini, akatozwa faini, na ushindi akapewa yule farasi aliyekuwa wa nne, ambaye mpanda wake alining'inia shingoni, maana ndiye aliyemaliza wa pili. Batt alipoteza zawadi na dau lake, akatukana siku mbili, kisha akamzika mtu na kusahau. Mwisho wa Februari barua ilifika kwa akina Garrihy. Ilikuwa na mistari mitatu. Ilisema kwamba, kutokana na hali iliyojitokeza, nafasi ya mizani amepewa mtu mwingine. Nani angempa kulinda mizani mtu aliyesahau uzito wake mwenyewe msalani?

Jina letu halikuguswa. Lorcan alibaki na leseni miaka miwili zaidi, na ukweli ni kwamba miaka hiyo farasi niliwafunza mimi, kwa chaki na subira. Waingereza hawakuijali karatasi ya waamuzi. Walikuwa wameona jike lile lilivyoruka. Tulimuuza Salamu za Mwisho kwa bei ambayo zizi halijawahi kuipata kabla wala baadaye. Batt akatupa sehemu yetu, akalipa madeni yake, akanunua gari la tatu la maiti. Sisi tukaezeka upya paa, na binti yangu akamaliza udaktari wa mifugo. Ndivyo fedha ya mbio inavyogawanyika. Aliyekuwa juu ya farasi ndiye asiyeonekana wakati wa kugawana.

Krismasi ile nilimpelekea Breda bahasha. Ilirudi siku ya pili haijafunguliwa, imewekwa chini ya jagi la maziwa mlangoni petu. Sikujaribu tena. Najua heshima ninapoiona.

Mossie alipanda mwaka mmoja zaidi, kisha nyonga zikakataa. Akapata kazi duka la ushirika, kubeba magunia ya chakula cha mifugo, kilo ishirini na tano kila moja. Kijiji kikampa jina. "Ratili Nane yupo?" walikuwa wakiuliza wakiingia. Mkulima akinunua shayiri angesema, "Mossie, usiipime wewe, mwite mwingine," na dukani watu wakacheka, na Mossie akacheka nao. Nilikuwapo mara mbili tatu lilipotokea. Nilinunua nilichokuja kununua, nikatoka. Lorcan alifariki mwaka wa tatu. Mossie alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza, upande wa bega lake zima, na Batt alimpanga mbele.

Miaka ikapita, mingi kuliko nilivyotaka kuihesabu. Mwaka huu, baada ya Pasaka, katibu wa Ardcullen alinijia na keki. Wanataka kutundika picha ya Lorcan katika chumba cha mizani, na chini yake maandishi: "Miaka arobaini bila doa." Akaniomba niandike maneno machache ya kutiwa katika kitabu cha mwaka cha parokia, niandike yeye alikuwa mtu wa namna gani.

Nilikaa na ombi lile wiki tatu. Kisha nikafungua kabati, nikatoa mkoba wa zamani, nikaenda kwa Mossie kwa miguu. Sikuwahi kukitoa kile kitambaa mle ndani. Alikuwa ameketi kando ya jiko, nyonga zote mbili sasa ni za chuma. Breda alinikaribisha bila kunikumbatia, akatuachia chai, akaenda bustanini.

Nilikiweka kitambaa mezani. Alikitazama, kisha akakipima kwa kiganja.

"Bado ni nane," akasema.

"Ulijua kwamba ninacho."

"Mwalimu, ulikuwa umeinama upande mmoja kama mbuzi aliyevunjika mguu. Nilishangaa waamuzi hawakukuona."

"Kwa nini hukusema?"

"Na wewe kwa nini hukusema?"

Nikamwambia kuhusu picha, na maandishi, na kwamba nataka kuandika yaliyotokea kama yalivyotokea, mpaka mkoba wangu. Alikunywa chai. Ilikuwa na maziwa na sukari nyingi.

"Basi andika yote," akasema. "Kuna kitu hukijui. Nilijua kabla ya mbio. Kule mahali pa kuanzia niliteremsha mkono kukaza mkanda, nikapapasa, hakipo. Mwenye kuanzisha mbio alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Ningemwambia. Lakini nikamfikiria Bosi na maswali yake ya mara mbili. Nikajisemea, Mossie, maliza wa tano. Wa tano hapimwi."

"Ulimzuia makusudi."

"Nilimzuia kwa nguvu zote za bega nililobakiwa nalo. Watu walikuwa wameweka dau juu yangu, Mwalimu, na Batt wa kwanza. Hiyo ni mbaya kuliko kusahau kitambaa. Wangenifungia maisha. Ndiyo maana nilipokosa ile kazi sikulalamika sana. Nilijiambia, mtu aliyefanya vile asikae kwenye mizani." Akaweka kikombe chini. "Kisha wote wakaanguka. Wote! Nilimwona jike ameinua masikio, ameuona ule mlango. Miaka ishirini na minane nawaomba farasi waruke hivyo, na siku ile moja namwomba asiruke."

"Ungeweza kumzuia hata hapo."

"Ningeweza." Akakigeuza kitambaa mezani. "Sikuweza."

Nikamuuliza kama kweli anaruhusu niandike na hilo. Nilimkumbusha kwamba kijiji kitasoma.

"Watanifungia nini sasa? Magunia? Andika. Ila usiniandikie kama mtakatifu, Breda atacheka mpaka augue. Na usimwandike Bosi kama kichaa. Andika alichoka. Sote tulichoka." Akakisukuma kitambaa upande wangu. "Na kitu kimoja. Vitabu vyao vinasema mbio ile alishinda mwingine. Yule jike hakujua habari za risasi. Andika kwamba alishinda."

Nimempelekea katibu kitambaa na nakala ya haya. Nimemwambia picha ya mume wangu itundikwe, kwa kuwa alikuwa mkufunzi mzuri na mtu mwaminifu, lakini maneno yaliyo chini yake yafutwe, maana doa lilikuwapo na nililificha mimi. Watoto wangu wamekasirika. Binti yangu ameniuliza kama jina la familia si kitu tena kwangu. Nimemjibu kwamba jina letu lilibebwa miaka kumi na sita na mtu asiye wa familia, mwenye nyonga mbovu, na kwamba sasa tulibebe wenyewe.

Kuhusu kazi hakuna wa kuirudisha. Mossie amezidi umri, na mizani ya siku hizi ni ya umeme. Kilichobaki ni alichoniomba. Alhamisi ya pili ya Februari, Ardcullen, mvua nyembamba, farasi tisa: wa kwanza, kwa urefu wa farasi kumi na mbili, Salamu za Mwisho, mali ya Batt Scannell, aliyefunzwa na Lorcan Prendiville, akipandwa na Mossie Garrihy.